Fomu wani, vinyume vya Kiingereza havimezwi viwili viwili

Wadogo zangu mlioingia fomu wani mwaka huu, nawapenda ila mnanichosha jamani. Kila jioni nikipita madarasani nakuta daftari zilezile, mstari katikati, kushoto buy kulia sell, kushoto borrow kulia lend, mtu anaimba mpaka ukurasa unaisha, kesho yake ukimuuliza lend ni nini anakwambia ni ile ya kuazima, ukimuuliza na borrow je, nayo ni ile ya kuazima. Presha yenu naijua, miaka saba umesoma kila kitu kwa Kiswahili halafu ghafla baiolojia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza, lazima utafute njia ya mkato. Na vinyume ni njia nzuri kweli, tatizo ni namna mnavyovibeba.

1. Usijifunze neno na kinyume chake siku moja. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili liliniuma. Kuna dogo nilikuwa namfundisha twisheni ya uwekaji hesabu, ana akili, mwandiko safi, haongei sana. Jioni moja nikampa debtor na creditor kwa mpigo, debtor tunamdai, creditor anatudai, akaandika, akarudia, nikamuuliza akajibu vizuri, nikaenda zangu kulala nimeridhika. Mtihani wa muhula ukaja na trial balance, ile orodha ya salio ambayo jumla ya debiti (kushoto, wanakokaa debtors) lazima ilingane na jumla ya krediti (kulia, wanakokaa creditors). Debtors walikuwa 340,000, yeye kawaweka krediti, creditors 215,000 kawaweka debiti, vingine vyote viko sawa. Jumla zikakataa kukutana kwa 250,000. Akajumlisha upya, zikakataa, akajumlisha tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye jumla, mwisho ile 250,000 akaitupia suspense account, akaunti ya muda ya kuwekea tofauti ambayo hujajua imetoka wapi, ili pande mbili zilingane tu, na muda ukaisha hajagusa swali linalofuata ambalo alikuwa analiweza. Hakukosea kujumlisha hata sehemu moja. (Kwa mnaosoma somo hili: tofauti ikikataa kuondoka igawe kwa mbili kwanza, hapa unapata 125,000, ambayo ndiyo 340,000 ukitoa 215,000, maana yake kuna vitu vimekaa upande usio wao.)

Nilimuuliza aliwaza nini. Akanieleza kwa utaratibu kabisa: kwa Kiswahili mwajiri na mwajiriwa, kwa Kiingereza employer na employee, kwa hiyo mwenye mkia wa -er au -or ndiye mtendaji, kwa hiyo debtor ndiye mdai. Hoja ina miguu! Ila debtor ni mdaiwa, na creditor naye ana -or ileile, mkia haumsaidii mtu hapo. Kwenye chumba cha mtihani alikuwa anakumbuka vizuri kabisa kwamba ni maneno mawili na mmoja anamdai mwenzake, kilichopotea ni nani ni nani. Na aliyemtia hayo maneno kichwani yakiwa yamefungwa kamba moja ni mimi. Baadaye sana ndipo nikaja kusoma kwamba watafiti walishalipima jambo hili, Tinkham mwaka 1993 na Waring mwaka 1997, wakakuta maneno yenye maana za jamaa moja yakifundishwa pamoja yanachukua muda mrefu zaidi kushika kuliko maneno yasiyohusiana, na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati wa New Zealand, ameshauri kwamba kwenye vinyume uanze na lile linalotumika zaidi, likishakaa ndo ulete la pili.

Kwa hiyo chukua borrow peke yake, itungie sentensi, itumie na wenzako wiki nzima, lend utaikuta mbele ya safari. Ile "borrow me your pen" ninayoisikia kila siku inatokana na "niazime kalamu", kwetu kuazima kunaenda pande zote mbili, kwao hakuendi.

2. Neno liandike na kitu linachokielezea. Hili mnalijua tayari ila hamjui kama mnalijua. Kinyume cha "bichi" ni nini? Embe bichi, kinyume chake embe bivu. Nguo mbichi, kinyume chake nguo kavu. Nyama mbichi, hapo ni iliyopikwa. Kiingereza nacho ni hivyohivyo, hard question kinyume chake easy, hard chair kinyume chake soft, light bag ni heavy, light blue ni dark, old man ni young, old shoes ni new. Mtu akikuuliza kinyume cha light, muulize kwanza light gani.

3. Viambishi vitakupa maneno mengi kwa bei rahisi. Sisi tuna funga na fungua, kunja na kunjua, vaa na vua, wao wana lock na unlock, fold na unfold, dress na undress. Wana pia in- ya kukanusha, ila kabla ya p na m mara nyingi utaikuta imegeuka im-, kabla ya l il-, kabla ya r ir-: impossible, illegal, irregular. Angalieni tu inflammable, ni sawasawa na flammable, yaani kitu kinashika moto upesi, ukiiona kwenye pipa usisogee na kiberiti ukidhani ile in- imekuokoa. Na invaluable ni kitu cha thamani kubwa mno.

4. Chai ambayo siyo hot siyo lazima iwe cold, kuna warm na cool hapo katikati, zijue zote nne.

5. Maswali ya kukanusha. Ukiulizwa "hujala?" unajibu "ndiyo", maana yake sijala, na kila mtu kaelewa. Kwa Kiingereza yes inafuata tendo lenyewe, siyo aliyeuliza. Kuna binti alikuwa anaumwa bwenini, matroni kaingia kamuuliza "Haven't you eaten?", naye kwa heshima zote "Yes, madam". Matroni akajua keshakula, akamfunika shuka vizuri akaondoka. Binti akalala na njaa yake mpaka asubuhi, anashangaa kwa nini uji hauji. Kwa hiyo yes na no msiziache peke yake, malizieni sentensi: "No, I haven't." Na kama bado hujala, ongeza "I am hungry".