GPS ya gari yaweza kunirudisha kwenye mwamba wenye samaki?

SWALI: Fundi, salaam. Nimeuza gari lakini GPS yake nimebaki nayo. Nina mashua ndogo ya mashine, navua kwa mshipi, na GPS ya baharini kwa sasa siiwezi. Nikiiwasha hii ya gari majini naona buluu tupu, na nikiiagiza inipeleke mahali nilipopahifadhi inanielekeza kwenye barabara ya karibu. Niitupe, au kuna namna?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu. Kipokezi kilichomo ndani hakijui gari wala mashua. Kinasikiliza setilaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, kisha kinapiga hesabu ya mahali ulipo. Majini hakuna ghorofa wala miti ya kuziba anga, kwa hiyo mara nyingi utapata usahihi wa mita tano hivi, na kwa mwamba wa kuvulia hiyo yatosha.

Tabu iko kwenye programu. Aliyeitengeneza alidhani hutatoka barabarani, ndiyo maana kifaa kinakuvutia kwenye lami kila kinapopata nafasi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta namna ya usafiri, uondoe gari. Nyingi za Garmin nüvi, kwa mfano, zina chaguo la kusafiri nje ya barabara. Ukiliweka, zinachora mstari ulionyooka hadi unakokwenda. Ila mstari huo hauna macho: utapita juu ya kisiwa, juu ya fungu la mchanga, juu ya nyavu za wenzako. Kuzunguka ni kazi yako.

Kama chako hakina chaguo hilo, tafuta ukurasa unaoonyesha latitudo na longitudo za ulipo. Kwenye baadhi ya vifaa unaugusa mchoro wa kigari pale kwenye ramani, namba zinatokea. Kwa namba hizo peke yake unaweza kuvua. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, hivyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ya dakika ni chini kidogo ya mita mbili. Endesha mpaka latitudo ilingane na uliyoandika, halafu ishike hiyo hiyo ukienda mashariki au magharibi hadi longitudo nayo ilingane. Ni polepole, lakini unafika.

Hapa pana mtego unaowapoteza wengi wanaopeana namba. Kuna anayeandika digrii na dakika, 4°30.5', na kuna anayeandika digrii tupu zenye desimali. Ukiichukua ile ya kwanza ukaiingiza kama 4.305, umekwenda pabaya kwa zaidi ya kilomita 22, kwa sababu 4°30.5' kwa digrii tupu ni 4.508. Chagua mtindo mmoja, nashauri digrii na dakika zenye desimali, na ukipewa namba na mwenzako muulize kwanza kifaa chake kinaandikaje.

Sasa kuhifadhi mahali, na hapa ndipo naona wavuvi wakilaumu kifaa bure. Mtu anafika kwenye mwamba, anatupa nanga, anafunga amari (kamba ya nanga), anatia chambo, samaki wakishaanza kula ndipo anakumbuka kubonyeza. Wakati huo mashua imeshasukumwa na upepo na mkondo hadi mwisho wa amari. Ukiwa umeachia mita sitini za kamba, ulichohifadhi chaweza kuwa mita hamsini kutoka kwenye mwamba wenyewe, na siku mkondo ukigeuka utaikuta nafasi hiyo haina kitu. Bonyeza pale bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, inapogonga jiwe, kabla ya nanga. Kama mwamba ni mrefu, hifadhi ncha zote mbili. Jina lipe kina chake kwa pima na aina ya chini, mfano "12 jiwe", maana mahali palipoandikwa "pazuri" hapakusaidii kitu mwezi ujao.

Na bildi usiiache kabisa. GPS ya gari haijui kina, na ufuo wake umechorwa kwa ajili ya dereva. Miamba ya chini ya maji haimo. Ile buluu unayoiona haimaanishi kwamba pana maji ya kutosha chini yako.

Jambo jingine: mshale wa mwelekeo unatokana na mwendo. Ukisimama au ukielea polepole, utauona unazungukazunguka. Kifaa hakijaharibika. Washa mashine, songa kidogo, utatulia. Kwa hiyo dira ya kawaida, hata ndogo, iwepo.

Umeme. Betri ya ndani ya vifaa hivi hudumu saa chache tu, na ikizeeka hupungua zaidi. Unaweza kutumia betri ndogo ya volti 12 iliyofungwa, lakini sikiliza vizuri: vingi vya vifaa hivi vinakula volti 5, na anayeishusha ile 12 ni chaja ya gari yenyewe. Ukikata waya ukaunganisha moja kwa moja, umekichoma. Nunua soketi ya kuchomeka chaja hiyo, iunge kwenye betri, weka fyuzi karibu na nguzo chanya. Vyote viingie kwenye ndoo yenye kifuniko.

Kifaa chenyewe hakikutengenezwa kwa maji, na maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi. Mfuko mwembamba wa plastiki unaofunga vizuri unatosha, kioo utakigusa ukiwa juu yake. Usikiache juani ndani ya mfuko huo. Betri ya lithiamu haipendi joto.

Kabla hujang'oa nanga ufuoni, hifadhi kwanza mahali unapotokea, na namba zake ziandike kwenye daftari pamoja na za miamba yako. Ukungu ukishuka ndipo utaona umuhimu wa pale pa kurudi kuliko pale pa samaki.

Lakini kwa msomaji ambaye hana hata hiyo ya gari, simwambii akainunue. Simu yake yaelekea ina kipokezi, nacho hufanya kazi bila intaneti. Akipakua ramani na programu ya kuhifadhi sehemu akiwa bado nchi kavu, ana kila nilichoeleza hapa. Na akiwa na akiba kidogo, atafute GPS ya mkononi iliyotumika, hata ya kioo cheusi na cheupe, isiyoingiza maji na inayotumia betri za kubadilisha. Haina uzuri wa kutazama, ila haitamwuliza barabara iko wapi.