Kambi ya skauti wa kanisani isigeuzwe semina

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu. Likizo ya mwezi wa sita inakaribia na viongozi wa vijana wengi wameanza kuulizia mambo ya kambi, nami kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa natoka Dar na skauti wa usharika wetu tunapanda Lushoto kule milima ya Usambara, kwahiyo ngoja niseme yale ninayoyajua.

La kwanza ambalo nalishikilia kuliko yote, kambi ya skauti siyo semina ya vijana iliyohamishiwa mlimani. Kanisa likisikia watoto wanaenda kambi linaandaa wahubiri, spika, jenereta, kina mama wa kupika, mtoto anashinda kwenye kiti cha plastiki anasikiliza masomo mpaka jioni afu anarudi nyumbani hajawahi hata kuwasha moto kwa mkono wake. Inaniuma kwasababu zile siku hazirudi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alivyofanya kambi yake ya majaribio kisiwa cha Brownsea kule Uingereza mwaka 1907 aliwagawa wale wavulana kwenye vikundi vidogo, kila kikundi kinaongozwa na mtoto mwenzao, na mpaka leo hapo ndo penye roho ya skauti. Watoto 6 mpaka 8, wana hema lao, sufuria lao, zamu zao za maji na vyombo, wakiunguza wali wanakula huo huo. Ahadi ya skauti inataja wajibu kwa Mungu, sasa mtoto atajifunza wajibu saa ngapi kama kila kitu kafanyiwa na mama mchungaji?

Na msidhani imani itapungua. Sisi ibada ni fupi, asubuhi kabla ya uji na usiku kwenye moto, na wanaongoza wao wenyewe kwa zamu, mimi nakaa nyuma. Kuna kijana kanisani hafungui mdomo kabisa, kule mwenzake wa hema alipandwa na homa usiku na yeye ndo aliyemuombea kwa sauti, afu akampa blanketi lake, hakuna aliyemwambia. Siku moja huwa tunaenda pale Irente kwenye lile jabali ambalo chini yako unaona vijiji vya Mazinde na nyika yote inayoenda mpaka macho yanachoka, tunasoma Zaburi ya 121, basi, kila mtu anakaa kimya peke yake dakika kumi. Sihubiri chochote. (Watu wazima wakae upande wa bonde na watoto wawe mbali na ukingo, hapo hakuna mjadala.)

Sasa kuhusu Lushoto yenyewe. Kutoka Mombo, pale chini kwenye barabara kuu, mnapanda kama kilomita 33 za kona tupu, watoto wanatapika, kwahiyo wenye tabia hiyo wakae mbele, wasishindiliwe chipsi pale Mombo, na mpande mchana siyo usiku. Mboga msibebe kutoka Dar jamani, karoti, kabichi na viazi vya Lushoto ni bei rahisi na vinatoka shambani, nyie bebeni unga, mchele, maharage na dagaa. Maharage yalowekwe tangu asubuhi la sivyo mtakula saa nne usiku. Kwa watoto wadogo Irente ni pazuri kuanzia, kule kuna shamba la KKKT (Kanisa la Kilutheri) na sehemu ya kupiga mahema. Msitu wa Magamba ni hifadhi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mnalipa kiingilio na mnatembea na muongozaji, na humo hamkati mti wala hamuwashi moto mnapotaka, mtaona mbega wakiruka juu ya miti na hiyo inatosha. Nyumbani kwa Wasambaa salimieni kwanza, mwenyekiti wa kijiji ajue mpo, na majirani wengi ni Waislamu kwahiyo muziki wa sifa usiku wa manane hapana, kuwa jirani mwema nako ni ushuhuda.

Baridi ndo inayowashangaza watoto wa Dar. Mwezi wa sita na wa saba mvua za masika zimeisha ila usiku unakuwa mkali, na wengi wanajifunika mablanketi matatu juu wakati baridi inapanda kutokea chini kwenye ardhi. Tandika maboksi, juu mkeka au godoro jembamba, hapo blanketi moja zuri linafanya kazi. Soksi na nguo za kulalia zisivaliwe mchana, zikae kwenye mfuko wa nailoni zibaki kavu. Na mzazi mwenye mtoto wa selimundu au pumu aseme mapema kabisa, sio aibu, kwasababu baridi na kukosa maji vinaweza kuamsha maumivu makali kwa mwenye selimundu, sisi tunahitaji kujua dawa ziko wapi na hospitali ya karibu iko wapi kabla hatujawasha gari, na wakati mwingine jibu sahihi ni mtoto huyo aje kambi ya mahali penye joto. Maji ya kunywa yachemshwe yote hata yakionekana masafi namna gani, choo mkichimba kiwe mbali na mto, hatua mia hivi au zaidi.

Ulinzi wa watoto nauandika peke yake kwasababu makanisani tunaaminiana sana mpaka tunasahau. Mtu mzima halali hema moja na watoto, hata awe mwinjilisti. Hakuna kiongozi kukaa faragha na mtoto mmoja, muwe wawili au mkae mnapoonekana. Wasichana wakiwepo lazima kiongozi wa kike awepo usiku na mchana, na abebe pedi za ziada. Barua ya ruhusa ya mzazi iwe na saini na namba mbili za simu. Mchungaji akisema haya ni mambo ya kizungu muelezeni kwa upole ila msiondoke bila hayo.

Kwa wale ambao usharika wao hauna mahema wala uzoefu, msiogope na msikimbilie Lushoto. Azimeni mahema, pigeni kambi ya usiku mmoja hapo hapo kwenye kiwanja cha kanisa mwezi wa tano, mvua ikinyesha ndo vizuri zaidi mtajua hema lipi linavuja, nani anaogopa giza na kikundi kipi kinagombania mwiko. Watoto wapike wenyewe, nyie wakubwa kaeni pembeni mjizuie kushika sufuria. Mkimaliza hiyo ndo mkaite kikao cha wazazi mpange nauli.