Anayekungoja naye hajalala

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: ukitua nchi ya kigeni alfajiri baada ya kusafiri kwa ndege usiku kucha, unaipitishaje siku hiyo ya kwanza, unalala au unajikaza mpaka usiku? Nililisoma ndani ya matatu ya kurudi Donholm, na nilipofika nyumbani nikakaa kuandika kabla ya kuteleka chochote.

Kulala au kutolala kwangu ni jambo la pili. La kwanza ni nani anakupokea. Nimelelewa kwamba msafiri husindikizwa, na akirudi hupokewa. Wa umri wangu mnaukumbuka uwanja wa ndege wa Embakasi wa zamani: ukoo mzima umejazana kwenye matatu moja ya nissan kumsindikiza mtu mmoja, maombi yanafanyiwa pale pa kuegesha magari, picha zinapigwa, akina mama wanalia, na hakuna anayegeuza gari mpaka ndege iruke. Siku ya kurudi ni hivyo hivyo. Atue saa kumi usiku au saa kumi na moja alfajiri, atakuta mtu amesimama pale kwenye vyuma akimtafuta kwa macho. Kwa hiyo nilitaka jibu langu liwe fupi: dawa ya uchovu wa alfajiri ni uso unaoujua, na kama hakuna wa kukupokea, ahirisha safari.

Mwezi wa Januari 2024 nilikwenda London kumwona binti yangu, ambaye ni muuguzi huko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Tuliruka Nairobi karibu na saa sita usiku, tukakaa hewani karibu saa tisa, tukatua uwanja wa Heathrow saa kumi na mbili kasoro kidogo, saa za kule. Saa yangu ya mkononi, ambayo sikuigusa, ilisema saa tatu kasoro. Nilikuwa nimesinzia labda saa mbili zote kwa jumla. Koo lilikuwa limekauka, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko kiangazi chetu chochote, na miguu ilikuwa imevimba hadi nikalegeza kamba za viatu kwenye foleni ya pasipoti.

Binti yangu alikuwa zamu ya usiku. Alijaribu kubadilishana na wenzake ikashindikana. Zamu yake huisha saa moja unusu asubuhi, halafu kuna kukabidhi wagonjwa, halafu treni kutoka upande wa pili wa jiji. Alikuwa ameniambia kwa simu, "Mama, usitoke nje ya ukumbi. Keti mahali penye watu. Nakuja." Nikamjibu sawa. Moyoni haikuwa sawa. Wenzangu wa chama nilikuwa nimewaambia kwamba nikitoka tu pale mlangoni nitamwona mwanangu.

Nilitafuta kiti, nikaweka sanduku moja kila upande na kupitisha mkono kwenye kamba ya mkoba. Ndani ya sanduku kubwa kulikuwa na unga wa wimbi na majani ya chai, vimefungwa kwenye leso mbili. Nikaanza kuwatazama wenzangu wa ndege ile ile wakipokewa. Kuna mtoto alikimbia akamkumbatia bibi yake miguuni, bibi akakosa pa kuweka mzigo. Kuna kijana alipokewa na watu sita. Baada ya muda, abiria wa Nairobi wote walikuwa wamekwisha kuondoka, wakaanza kutoka watu wa ndege nyingine.

Kilichonitia unyonge zaidi ni giza. Kwetu jua halibahatishi. Iwe Januari au Julai, kabla ya saa moja limeshatoka, na hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya hilo; ndiyo maana saa moja ikaitwa saa moja. Pale saa moja ilifika, nje giza. Saa moja unusu, bado. Mwanga ulikuja kwenye saa mbili, tena wa kijivu kama maji yaliyooshewa mchele. Niliona kama siku imekataa kuanza mpaka mtu aje kunichukua. Nilikuwa na hasira, nazo zilikuwa hasira za kweli, za mama aliyeuza ng'ombe kusomesha.

Saa tatu unusu nikamwona. Alikuwa amevaa koti juu ya sare ya kazi, na viatu vya wodini bado miguuni. Alinikumbatia kwa muda mrefu bila kusema neno. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, kwa kunawa na kunawa tena kwenye baridi. Kisha akatoa thamosi kwenye begi. Chai ya maziwa, yenye tangawizi, na ilikuwa vuguvugu tu. Nikamuuliza ameipata wapi saa ile. Akasema aliipika jana yake saa kumi na moja jioni kabla ya kwenda kazini, ikalala kwenye kabati lake la kazini.

Nikapiga hesabu. Saa kumi na moja jioni kwake ni saa mbili usiku kwetu. Wakati huo mimi nilikuwa Mombasa Road nikienda uwanjani, nimekunja uso kwa sababu ya foleni ya malori. Yeye alikuwa anachemsha chai ambayo nitainywa kesho yake.

Tukashuka kwenye treni, ile ya Elizabeth line. Akaniambia, "Woolwich, mama. Ukiona Woolwich niamshe." Kabla hatujafika Paddington alikuwa amelala, kichwa begani kwangu, mdomo wazi kidogo kama alipokuwa darasa la pili. Nikayasoma majina ya vituo moja moja: Bond Street, Tottenham Court Road, Farringdon, Liverpool Street, Whitechapel. Kila mlango ukifunguka nilishika masanduku kwa mkono mmoja na yeye kwa mwingine. Usingizi wangu ulikuwa umeniisha kabisa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeisema hiyo kwenye sherehe ngapi, na sikuwahi kujiuliza mwenyeji anaumwa nini.

Sasa kuhusu kulala. Ushauri unaotolewa kila mahali ni mmoja: usilale, toka kwenye mwanga, kunywa maji, vumilia mpaka usiku wa huko. Kwa anayekwenda New York nakubali, maana kutoka kwetu ni tofauti ya saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto. Unatua asubuhi na mwili unakwambia ni alasiri. Mwenye biashara anayekwenda Guangzhou ana saa 5 za kuvuka. Hao saa ya mwili imevurugika, na mwanga wa mchana ndio unaoirudisha. London ni saa 3 tu, na kuanzia mwisho wa Machi ni 2. Mtu wa Nairobi akitua kule hajapotezwa na majira. Amekosa usingizi, sawa na aliyekesha matangani. Na aliyekesha matangani hatumwambii aende kutembea mjini.

Kwa hiyo tulilala wote wawili. Tulifika kwake karibu na saa tano, tukavuta mapazia, tukaamka saa tisa unusu. Jua la Januari kule linazama kama saa kumi na robo. Nikiri kwamba hilo liliniumiza. Jioni alirudi kazini, nami nikabaki macho mpaka saa tisa usiku nikisikiliza mabomba ya joto yakigongagonga ukutani, na zilipita siku tatu kabla sijakaa sawa. Ningelala kwa muda wa saa moja unusu tu, nikatoka kwenye mwanga mdogo uliokuwepo, nadhani ingekuwa nafuu. Wanaosema ujikaze hawajakosea kabisa. Ila wanashauri kana kwamba mgeni yuko peke yake. Mwenyeji aliyetoka zamu, tena usiku anarudi, ukijikaza wewe naye atajikaza. Atakupikia, atakaa nawe mezani, na kwa heshima hatakwambia kwamba haoni vizuri kwa usingizi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema usisafiri bila wa kukupokea. Sasa siwezi kusema hivyo. Watoto wetu wengi walioko kule wako kwenye kazi za zamu, na tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021 wengine wanajiandaa kwenda. Kama una afya na unaweza kusoma jina la kituo, mwache mwenyeji alale. Mwombe anwani kamili na jina la kituo, uandike kwenye karatasi, maana simu huzima. Kadi ya benki inayogusishwa getini inalipa nauli. Nenda mwenyewe, ukifika lala kidogo, kisha mwamshane.

Simwambii hivyo mzee anayesafiri mara ya kwanza, wala mwenye mtoto mgongoni, wala asiyejua Kiingereza, wala anayetua Januari bila koti. Hao wapokewe, hata kama ni na jirani wa jirani. Na nikisema ukweli, kama binti yangu asingekuja siku ile sijui kama ningeivuka milango ya kioo peke yangu.

Aprili nakwenda tena. Alfajiri ya Aprili kule ina mwanga, na Woolwich sasa naijua. Nimemwandikia kwamba asije, aache ufunguo kwa jirani, alale, nitamkuta. Amejibu kwa kuuliza namba ya ndege. Nimemtumia.