Fungu la Kiingereza halipo, lakini ruzuku ipo: ushauri kwa wazazi wenzangu wa Mwanza

Mzazi wa Mwanza akiona mwanawe anababaika na Kiingereza, kitu cha kwanza anachokimbilia ni tyusheni. Sina ugomvi na tyusheni, wangu pia wamepita huko. Ila kuna pesa nyingine ambayo tayari imetengwa kwa ajili ya mtoto huyohuyo, inaingia kwenye akaunti ya shule yake, na wazazi wengi hawajawahi kuiulizia hata siku moja. Leo naongelea hiyo.

Nina duka la steshenari Igoma, watoto wangu wanasoma shule za serikali, na nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kwa muda wa kutosha kujua chaki inatoka wapi na karatasi inaishia wapi. Sijasomea ualimu. Ninayoyaandika hapa ni yale yaliyotusaidia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu utaongea kwa hasira tu mkutanoni na utarudi nyumbani kama ulivyoenda. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, serikali inahesabu ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Walimu wenyewe wanaiita kapitesheni. Haifiki yote shuleni. Kwa shule ya msingi, 6,000 ndiyo inayoingia akaunti ya shule na 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu vya kiada. Sekondari inagawanywa nusu kwa nusu: 12,500 shuleni, 12,500 vitabu.

Sasa chukua shule ya msingi yenye watoto 600. Mara 6,000, ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo ndani kuna chaki, mitihani ya majaribio, bawaba za milango, dawa ya choo, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Ukishaona hivyo utaelewa kwa nini mwalimu mkuu akiulizwa kuhusu Kiingereza anakuangalia tu. Hakuna mstari ulioandikwa "Kiingereza". Wala Hisabati haina wake.

Wenzetu wengine wanalo fungu la peke yake. Marekani, mwaka 1974, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wanakaa darasani bila kuelewa Kiingereza cha mwalimu, ikasema kumpa mtoto kitabu na dawati kama wenzake hakutoshi ikiwa lugha haielewi. Leo sheria yao ya elimu ina sehemu ya tatu inayotoa pesa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza tu, na miaka ya karibuni imekuwa dola zipatazo milioni 890 kwa mwaka. Hata huko fungu lenyewe linagombaniwa: mwaka 2025 serikali ya Rais Trump ilipendekeza lifutwe. Kwa hiyo ukiambiwa jambo hili ni la nchi maskini pekee, usikubali.

Kwetu mtoto anayejifunza Kiingereza ni kila mtoto. Wa Misungwi au Kwimba anatoka nyumbani na Kisukuma, anakutana na Kiswahili darasa la kwanza, halafu akifika kidato cha kwanza Baiolojia na Jiografia zote zinamjia kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ihamie Kiswahili, serikali haikulichukua pendekezo hilo, na mjadala unaendelea mpaka kesho. Mimi nina upande wangu kwenye mjadala huo, lakini mwanangu ana mtihani na mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, basi.

Hatua ya kwanza ninayokushauri haigharimu hata senti: omba kamati iingie stoo. Sisi tulipoingia, tulikuta mafurushi ya vitabu vya Kiingereza, nailoni haijachanwa, juu yake zimepangwa zile ndoo za kunawia mikono za enzi za korona. Darasani watoto watano walikuwa wanachungulia kitabu kimoja. Mwalimu mkuu hakuwa amekula pesa ya mtu. Alikuwa anaogopa, kwa sababu kitabu kikipotea, mkaguzi akija ni yeye atakayeandika maelezo. Vitabu hivyo vya Taasisi ya Elimu ndiyo ile 4,000 ya kila mtoto. Vimeshalipiwa, vimeshasafirishwa, vimelala.

Tulichofanya ni kumwondolea hofu. Kamati iliandika kwenye muhtasari kwamba vitabu vinaruhusiwa kwenda nyumbani, kitabu kimoja kwa watoto wawili wanaokaa jirani, wakipokezana. Kukafunguliwa daftari la kuazima lenye safu ya jina la mtoto, namba ya kitabu, sahihi ya mzazi na tarehe ya kurudisha. Kila kitabu kikavalishwa jalada la kaki. Bibi mmoja asiyejua kuandika aliweka dole gumba, akauliza kwa sauti kama mbuzi akikitafuna atashtakiwa. Tukacheka wote, lakini swali lilikuwa la maana, ikabidi tukubaliane: kitabu kikiharibika, familia inaitwa kuzungumza, hailipishwi faini. Bila kipengele hicho wazazi wasingesaini.

Baada ya vitabu, ndipo uende kwenye ile 300,000. Usiombe mradi mkubwa. Rimu moja ina karatasi 500. Darasa la watoto 60 likipewa zoezi la kusoma la ukurasa mmoja, rimu hiyo inatoa mazoezi manane na karatasi zinabaki. Karatasi za manila na maka peni za kutengenezea chati za maneno ya ukutani hazifiki bei ya kubadilisha kitasa kimoja. Omba vitu vya namna hii viandikwe kwenye mpango wa maendeleo wa shule kwa jina lake, kwamba rimu kadhaa kila muhula ni za mazoezi ya Kiingereza. Kitu kisichoandikwa humezwa na mitihani ya majaribio, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayeuza hizo rimu. Najua mtasema natafuta wateja.

Shule inatakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Ukiona ubao una tangazo la sare na kalenda ya mwaka juzi tu, uliza kwa adabu. Mimi husema, "Shikamoo mwalimu, naomba unielekeze taarifa ya ruzuku ya robo hii imebandikwa wapi." Ukimwuliza imebandikwa wapi, hajisikii kama anatuhumiwa. Ukisema "pesa zetu zinaenda wapi" mbele ya wazazi wengine, umeshamfanya adui, na bado utahitaji sahihi yake mwezi ujao.

Jambo ambalo wazazi hawaligusi kabisa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni mwalimu mwenyewe. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeshusha Kiingereza mpaka darasa la kwanza, wakati ule wa nyuma ulikianzia darasa la tatu. Maana yake mwalimu aliyezoea kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili sasa anatakiwa amfundishe mtoto wa miaka sita salamu na majina ya vitu kwa Kiingereza, na huenda yeye mwenyewe mara ya mwisho kukiongea ilikuwa chuoni. Kumsema mtaani hakumsaidii. Serikali ina mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambapo walimu wanakutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu cha kata, wanachagua mada inayowasumbua, wanasaidiana. Uliza mambo matatu: vikao vya MEWAKA vinafanyika hapa, Kiingereza kimewahi kuwa mada, na wanaokaa humo wanakosa nini? Kwetu jibu lilikuwa kwamba vikao vipo ila vinaanza saa tisa alasiri, walimu wana njaa, na wanaokaa mbali wanawaza daladala za Buhongwa. Wazazi wakajitolea uji na maandazi. Mahudhurio yakabadilika, na mwalimu wa darasa la sita anayekiweza Kiingereza akaanza kuwaonyesha wenzake somo zima kwa vitendo.

Tahadhari kuhusu michango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku kuwachangisha wazazi shuleni, na tangu hapo walimu wakuu wengi hawataki hata kulisikia neno lenyewe. Mzazi kuchangia kwa hiari yake hakujakatazwa, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, na jambo lipitie mkutano na muhtasari wake. Ushauri wangu ni kutoa kitu kuliko kutoa pesa. Sukari ya uji, rimu, jalada la kaki. Hazina risiti za kugombania.

Na kile kibao cha shingoni kwa anayeongea Kiswahili, ikiwa shule yenu inacho, kiongeleeni mkutanoni kiondoke. Nimewaona watoto waliovalishwa. Hawaongei Kiingereza zaidi, wananyamaza tu.

Kwa wenye watoto wanaoingia sekondari, ulizeni habari za besilaini, zile wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zinazotakiwa kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kuna shule zinaifanya vizuri, kuna zinazoigeuza kuwa wiki za kufyeka nyasi. Shule ya kata yenye wanafunzi 800 inapata ruzuku ya 10,000,000 kwa mwaka, mbali na fidia ya ile ada ya 20,000 ambayo mzazi wa kutwa alikuwa analipa zamani. Karatasi za besilaini zinaweza kutoka hapo. Uliza nani anaifundisha na kwa wiki ngapi, uliza mapema, Novemba, kabla mkuu wa shule hajazidiwa na madawati. Hasa kama mwanao anamaliza msingi mwaka 2027: walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka huo, maana msingi wao unaishia la sita, na wa mtaala wa zamani waliokuwa la nne mwaka 2024 watamaliza la saba mwaka huohuo. Wote hao wanagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028. Nilivyoona Nyamagana na Ilemela madarasa yanavyojaa hata sasa, sitaki kufikiria besilaini ya mwaka huo itakuwaje kama hakuna aliyeipangia.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini ukienda kuomba Julai umechelewa. Mahitaji ya shule yanakusanywa mwishoni mwa mwaka, baraza la madiwani linapitisha bajeti ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili kazi iko Bungeni Dodoma. Mkutano wa wazazi wa Oktoba au Novemba ndio wa kuusemea.

Nimalizie na wa visiwani, maana ndugu zangu wa Ukara na Kome huniambia hesabu zangu ni za mjini. Ni kweli. Ruzuku inafuata idadi ya vichwa, kwa hiyo shule ya watoto 200 inapata 100,000 kwa mwezi, na nauli ya mwalimu mkuu kuvuka ziwa inaanza kuila kabla chaki haijanunuliwa. Hapo msihangaike na ruzuku, itabanwa mpaka itoke damu na bado haitatosha. Nendeni kwenye mapato ya ndani ya halmashauri na Mfuko wa Jimbo, ambao ni wa kuchochea miradi ya wananchi wenyewe. Shule mbili tatu za kata moja ziungane ziombe kitu kimoja, kwa mfano seti za vitabu vya hadithi vya Kiingereza cha kuanzia, zikizungushwa shule kwa shule kwa muhula. Barua ipite serikali ya kijiji, iende kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndiye mwenyekiti, ikiwa na muhtasari wa mkutano na orodha ya waliohudhuria. Ipelekeni nakala mbili, na msitoke ofisini mpaka ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa.