Kulanti, maji ya rejeta au kizuia kuganda?

Msomaji wetu wa Morogoro ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Gari langu lilichemsha njiani. Fundi akanituma nikanunue 'maji ya rejeta'; muuzaji wa vipuri akaniuliza kama nataka 'kulanti ya kijani au nyekundu'; na kitabu cha gari, katika tafsiri niliyopewa, kinataja 'kizuia kuganda'. Binti yangu aliyeko sekondari anasema Kiswahili sanifu ni 'kipooza injini'. Je, hiki ni kitu kimoja au ni vinne? Na niandike 'kulanti sahihi' au vipi?"

Marahaba. Ni kitu kimoja, lakini majina hayo hayana uzito sawa, na mawili kati yake yanaweza kumfanya mnunuzi atie kwenye injini kitu kisichoifaa. Nitaanza na neno la binti yako, kwa kuwa kosa lake ni dogo na linasahihishika kwa urahisi. Kupoa ni kupungukiwa na joto, kama tunaposema chai imepoa. Kupoza ni kukifanya kitu kipoe, kama mama anavyoupoza uji wa mtoto. Na kupooza, kwa irabu ndefu, ni kiungo cha mwili kukosa nguvu. Wako wasemaji wanaoirefusha irabu hata wanapokusudia kupoza, wala siwalaumu, lakini katika maandishi "kipooza injini" kinasomeka kama kitu cha kuilemaza injini. Kutokana na kupoza tunapata kupozea, yaani kutumia kitu fulani kupoza, na kutokana na kupozea tunapata kipozeo, kwa njia ileile iliyotupa kifutio na kichujio. Mzizi huu si mgeni katika ufundi, kwani kila Mtanzania amesikia habari za vituo vya kupozea umeme. Kwa hiyo katika ripoti, mwongozo au mtihani, andika "kipozeo cha injini".

Dukani, hata hivyo, sema "kulanti". Neno hili limekwisha kuingia, lina irabu mwishoni kama maneno yetu mengine, na limejipatia ngeli ya i-/zi-: kulanti imepungua, kulanti hii imechafuka. Ukisema "kulanti mbili", muuzaji atakupa chupa mbili; ukikusudia namna mbili tofauti, sema "aina mbili za kulanti".

Jina ninalolipinga kwa nguvu zote ni "maji ya rejeta". Ni kweli kwamba kwa kawaida nusu ya kipozeo ni maji, lakini nusu ya pili, mara nyingi, ni ethilini glikoli pamoja na kemikali za kuzuia kutu, na hiyo nusu ya pili ndiyo uliyoitoa pesa. Anayeyaita maji huona hana sababu ya kutoyajaliza kwa maji. Katika gereji moja ya Dar es Salaam nilimwona kijana anayejifunza ufundi akijaza rejeta kwa maji ya kisima, yale ya chumvi, na aliponionyesha kifuniko, upande wake wa ndani ulikuwa umegandamana tope la kutu, la rangi ya chai ya maziwa. Hakuwa mzembe. Aliambiwa "ongeza maji", naye akaongeza maji.

Liko pia jambo zito kuliko injini. Ethilini glikoli ina ladha tamu na ni sumu inayoharibu figo na kuua. Katika gereji hiyohiyo, masalio ya kulanti nyekundu yalikuwa yamehifadhiwa katika chupa ya maji ya kunywa, juu ya benchi, pasipo maandishi yoyote, na mtu yeyote angeidhania ni juisi. Kitu cha namna hiyo kisiitwe maji hata kwa kufupisha maneno, hasa mbele ya watoto.

"Kizuia kuganda" si kosa la sarufi. Ni jina lililozaliwa kwenye baridi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauanzi kuganda mpaka nyuzijoto 37 hivi chini ya sifuri, jambo lenye maana kubwa kwa ndugu zetu walioko Kanada. Msomaji wa Morogoro au Mombasa akiliona jina hilo ataona halimhusu, kumbe kimiminika hichohicho ndicho kinachopandisha kiwango cha kuchemka na kuilinda injini dhidi ya kutu. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi za sentigredi. Ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na hiyo glikoli, unaoyawezesha kuvumilia joto zaidi. Tena kwetu kuganda si kwa barafu tu: maziwa huganda, damu huganda. Anayechanganya aina mbili zisizopatana za kipozeo anaweza kukuta uji mzito umeziba njia za rejeta, na hiyo chupa iliyoandikwa "kizuia kuganda" isimzuilie kitu.

Hapo tunafika kwenye swali la muuzaji. Kisarufi amesema vizuri: "kulanti ya kijani", kwa sababu kijani ni nomino na inahitaji kihusishi, na "kulanti nyekundu", kwa sababu -ekundu ni kivumishi kinachojitegemea. Lakini rangi ni ya kutiwa tu, wala hakuna sheria moja inayowafunga watengenezaji wote. Zamani kijani kiliashiria kipozeo chenye silikati (silikati, asidi ogani na fosfati ni kemikali za kuzuia kutu), cha kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, ilhali vile vya asidi ogani, vinavyodumu miaka 5 hivi, vilipakwa rangi ya machungwa au nyekundu. Leo utakuta vya asidi ogani vyenye rangi ya kijani pia. Toyota ina nyekundu na ya waridi, Honda ina ya buluu, na Volkswagen hutofautisha vipozeo vyake kwa alama kama G12 na G13. Magari mengi ya Kijapani hutaka kipozeo chenye fosfati na kisicho na silikati, wakati watengenezaji wengi wa Ulaya huikwepa fosfati. Kwa hiyo jibu la "kijani au nyekundu?" ni kumtajia muuzaji aina ya gari, mwaka wake na alama iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kisha kuisoma chupa mwenyewe.

Ukiisoma, tazama kama kipozeo ni kikali au kimekwisha kuzimuliwa. Kuzimua ni kupunguza ukali kwa kutia maji, na nasikitika kuona lebo zikiandika "changanya na maji" wakati lugha ina neno lililonyooka kiasi hicho. Kilichokwisha kuzimuliwa hutiwa kama kilivyo. Kikali huzimuliwa kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke wa maji yaliyochemshwa, hivyo hayana chumvi. Mafundi wengi huyaita "maji ya betri", nami nakuonya kuhusu jina hilo, kwa maana kuna wanaoiita hivyo hata asidi ya betri. Omba "maji yaliyotoneshwa", hata kama utalazimika kueleza.

Kuhusu "kulanti sahihi": sahihi ni kinyume cha kosa, kama jibu sahihi au saini sahihi. Kipozeo kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kisilifae gari lako, kwa hiyo kitenzi kinachotakiwa ni kufaa, pamoja na kiambishi cha mtendwa: "kulanti inayolifaa gari langu". Na kwenye daftari la matengenezo, badala ya "nimeongeza maji ya rejeta ya kijani", andika: "Leo injini ikiwa imepoa, nimejaliza kipozeo kilichozimuliwa, cha alama ileile iliyotajwa katika kitabu cha gari", kisha uinakili alama yenyewe na tarehe.