Maswali yenu: wananchi wa kawaida na sera za tabianchi Ulaya

Nimepata barua kwamba nimechaguliwa kwa bahati nasibu kuingia baraza la wananchi la tabianchi. Ni matapeli? Mimi hata uraia wa Ubelgiji sina. (Msomaji, Brussels)

Kushuku ni vizuri, lakini usiichane kabla hujaihakiki kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Brussels. Baraza la aina hiyo lipo kweli, na la kudumu, tangu 2023. Barua hutumwa kwa maelfu ya wakazi wa miaka 16 na kuendelea, kisha wanaokubali huingizwa kwenye bahati nasibu ya pili ili lipatikane kundi linalolingana na sura ya jiji kwa umri, jinsia na elimu. Kinachotazamwa ni makazi, si pasipoti. Posho ipo. Serikali nayo inapaswa kuyajibu mapendekezo, na ikilikataa lolote ieleze kwa nini. Hapo ndipo penye uzito kuliko posho.

Si Macron aliwakusanya watu hivyohivyo halafu akawaruka futi mia? (Msomaji, Lyon)

Futi mia hapana, hamsini labda. Wafaransa 150 waliochaguliwa kwa bahati nasibu walikaa kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020, wakatoa mapendekezo 149 ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 40 au zaidi ifikapo 2030, ukilinganisha na 1990, bila kuwaumiza wanyonge. Rais alikuwa ameahidi kuyapeleka mbele “bila chujio”. Matatu aliyakataa papo hapo, likiwemo la kushusha mwendo kwenye barabara kuu hadi kilomita 110 kwa saa. Mengine yalifika kwenye sheria ya Agosti 2021 yamepunguzwa makali: walitaka safari za ndege za ndani zifutwe pale ambapo treni inafika ndani ya saa nne, sheria ikasema saa mbili na nusu. Walipokutana tena mapema 2021 kuipima serikali, waliipa alama 3.3 kati ya 10. Mwalimu wangu angeandika “arudie darasa”.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kwa wale 150. Ahadi ilikuwa ya mdomo wa mtu mmoja, bila utaratibu wa nani anajibu nini na lini.

Kuna mahali popote ambapo neno la wananchi lilikuwa la mwisho? (Msomaji, Warsaw)

Tena ni nchini unakoishi. Julai 2016 mvua kubwa iliifurika Gdańsk, na watu walikufa. Mwaka huohuo jiji likaitisha baraza la wakazi waliochaguliwa kwa bahati nasibu, waseme jiji lijiandae vipi kwa mvua kama ile. Walisikiliza wataalamu, wakauliza, wakabishana, kisha wakapiga kura. Meya Paweł Adamowicz alikuwa amejifunga mapema: pendekezo likiungwa mkono na asilimia 80 ya wajumbe, jiji linalitekeleza. Chini ya hapo, uamuzi ni wake.

Napenda kiwango hicho kwa sababu kinafanya kazi mbili. Kinamzuia meya kuchagua anachokipenda na kuacha kinachomkera. Pia kinawalazimisha wajumbe kushawishiana, maana kwa asilimia 80 kundi moja haliwezi kulibeba jambo peke yake; mwenye gari na mpanda baiskeli lazima wakae meza moja. Baadaye Gdańsk ilitumia njia hiyohiyo kwa uchafuzi wa hewa. Ukialikwa kwenye kikao chochote cha maoni, uliza kwanza: mmejifunga kufanya nini na tutakachosema? Wakianza kuzunguka, Jumamosi yako ina kazi nyingine.

Kwenye kura ya maoni ya tabianchi ya Berlin 2023, “ndiyo” zilizidi “hapana”, lakini hoja ikaanguka. Imekuwaje? (Msomaji, Berlin)

Kuzidi hakukutosha. “Ndiyo” zilipaswa pia kufikia robo ya wapiga kura wote wenye haki, yaani karibu 608,000. Zilipatikana takriban 442,000, na jiji halikufungwa kufikia usawa wa hewa ukaa (kutotoa zaidi ya inayoondolewa) ifikapo 2030. Wasio raia hawakuruhusiwa kupiga kura kabisa.

Wanataka kujenga tanuri la kuchoma taka karibu na kwetu. Naweza kudai nyaraka, au wataniuliza “wewe nani”? (Msomaji, Lisbon)

Hawana haki ya kukuuliza hivyo. Mkataba wa Aarhus wa 1998 unampa mtu yeyote haki ya kuomba taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka za umma bila kueleza anazitakia nini, na unakataza ubaguzi wa uraia au makazi. Shangazi yako aliyeko Tanga anaweza kuziomba pia. Andika barua fupi, taja mradi na nyaraka unazotaka: tathmini ya athari kwa mazingira, vipimo vya hewa, maombi ya kibali. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya muda wa kujibu ni mwezi mmoja, au miwili shauri likiwa kubwa au gumu. Wakikunyima lazima watoe sababu na wakueleze pa kukata rufaa. Kuzisoma ofisini kwao ni bure. Nakala zinaweza kutozwa ada ya wastani.