Maswali ya Wasomaji: Safari ya Gari Kwenda Kuonja Bia za Viwanda Vidogo

SWALI: Mhariri, salamu. Tuko marafiki wanne, na kwa muda mrefu tumekuwa tukizungumza kuhusu kuchukua likizo ya siku tano, tupande gari moja na kuzungukia viwanda vidogo vya bia, vile ambavyo mwenye kiwanda ndiye anayepika, ndiye anayeosha matangi na ndiye anayekumiminia glasi. Mwenzetu mmoja amekwisha kuandaa orodha ya viwanda 14. Mimi naona ni vingi mno, yeye anasema nafasi kama hii haitarudi. Watatu tunakunywa, wa nne hanywi kabisa, na tumekubaliana kupokezana usukani njiani. Tuanzie wapi kupanga?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na usukani. Orodha ya rafiki yako itangoja kidogo, kwa sababu makubaliano yenu ya kupokezana ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko hivyo viwanda 14.

Mtu akisema “nitaonja tu”, hafikirii hesabu yake. Viwanda vingi vidogo huwapa wageni glasi ndogo nne au zaidi za kuonjea. Chukua kila moja kuwa na mililita 125: glasi nne ni nusu lita nzima. Bia hiyo ikiwa na alkoholi ya asilimia 5, umekunywa mililita 25 za alkoholi halisi, yaani karibu gramu 20, na ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Kahawa hailiharakishi, wala kuoga maji baridi. Mkipita viwanda vitatu kwa siku, kila anayeonja atakuwa amebeba gramu 60, ambazo huhitaji saa sita hadi nane au zaidi kuondoka mwilini, na kama bia zenyewe ni zile kali za asilimia 8, hesabu inapanda hadi karibu gramu 95. Aliyemaliza kuonja saa tatu usiku kwa kiasi hicho anaweza kuamka, akapiga mswaki, akajiona mzima kabisa, na bado asistahili kushika usukani. Kwa hiyo kupokezana usukani katikati ya siku hakupo. Dereva wa siku hujulikana tangu jana yake, na siku hiyo haonji.

Sheria nazo hazifanani kila mahali. Ujerumani kikomo cha kawaida ni asilimia 0.05 ya alkoholi katika damu, Uingereza na Wales ni 0.08 lakini Scotland ilishuka hadi 0.05 mwaka 2014, na katika Jamhuri ya Cheki hairuhusiwi hata kidogo. Anayevuka mpaka na gari asidhani kwamba kilichokuwa halali asubuhi kitabaki halali jioni. Mimi nawashauri mtumie kipimo cha Cheki popote mtakapokuwa, kwani ni rahisi kukikumbuka na hakina mahesabu.

Lipo jambo jingine, nalo ni la urafiki. Mwenye kuhesabu haraka atasema kwamba asiyekunywa aendeshe siku zote tano na mambo yaishe. Tafadhali msimfanyie hivyo. Mmemwalika safarini, hamkumwajiri. Gaweni siku tano kwa watu wanne, kila mmoja awe na siku yake ya kutoonja, na siku moja iliyobaki mlale mahali ambapo viwanda viwili au vitatu vinafikika kwa miguu, gari lipumzike. Miji ya namna hiyo ipo. Katika jimbo la Bavaria kuna wilaya ndogo iitwayo Aufseß yenye viwanda vinne kwa wakazi wasiofika 1,500, na ipo njia ya miguu inayoviunganisha vyote, ambayo mtu huizunguka kwa siku moja bila kugusa gari. Si lazima mwende huko. Nawataka tu mkitazama ramani mtafute mahali palipokaa hivyo, kisha safari nzima muijenge kupazunguka.

Sasa niirudie orodha. Kati ya 14, chagueni sita au saba. Mmoja au wawili kwa siku wanatosha, na ninasema “wawili” kwa kuwa mnakwenda kumwona mtu, si jengo. Niliwahi kuzunguka viwanda vitano kwa siku moja, nikarudi na picha za vizibo na maandishi niliyoshindwa kuyasoma, na hadi leo siwezi kueleza tofauti ya bia ya tatu na ya nne. Mwaka uliofuata nilikaa saa nne katika kiwanda kimoja tu, na ninakumbuka hata rangi ya buti za mpikaji.

Katika siku hiyo alinipa konzi ya kimea cheupe cha shayiri nitafune, kikawa na utamu wa biskuti kavu, kisha akanipa punje chache za kimea kilichokaangwa hadi kuwa cheusi, zikawa chungu kama buni. Akachukua ua moja la hopsi, mmea unaoipa bia uchungu na harufu, akalisugua kati ya viganja hadi unga wa njano ukabaki kwenye mistari ya mikono yake, akaniambia niinamie ninuse kabla joto halijapoa: ganda la chungwa kwanza, halafu majani mabichi, halafu kitu kama utomvu wa msonobari. Glasi aliyonimiminia baadaye ilikuwa na vyote vitatu, nami nilivitambua kimoja kimoja kwa sababu nilikuwa nimevishika. Haya hayapatikani kwa mgeni wa dakika arobaini.

Ili myapate, pigeni simu wiki mbili au tatu kabla. Msitegemee saa zilizoandikwa kwenye ramani ya simu, maana kiwanda chenye watu wawili hufungwa siku mmoja wao akiugua. Niliwahi kuendesha saa mbili nikakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na kosa lilikuwa langu kwa kutouliza. Mkipiga simu, msiulize tu “mnafungua saa ngapi”. Ulizeni ni siku gani wanapika, na ni saa ngapi katika siku hiyo mgeni hatakuwa kero. Upishi mmoja huchukua saa sita hadi nane, na ndani yake kuna nyakati ambazo mpikaji hawezi hata kugeuza shingo, kama anapohamisha maji ya moto au anapopoza. Lakini kuna kipindi cha kama saa nzima asubuhi ambapo kimea kilichosagwa kimelowekwa katika maji ya nyuzi 65 au 67 za sentigredi, wanga unageuka sukari wenyewe, na kazi yake ni kungoja. Hapo ndipo mtu huvuta kigoda akazungumza. Mkifika wakati huo mtapata harufu ya uji mtamu imejaa jengo zima, na mwenyeji aliye na nafasi.

Wengine wana majira yao kabisa. Wapikaji wa bia ya lambic, katika Brussels na bonde la mto Zenne nchini Ubelgiji, hupika takriban kati ya Oktoba na Aprili tu, kwa kuwa hawatii hamira kwa mkono: maji ya kimea huachwa usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi ili hamira za hewani ziingie zenyewe, na katika miezi ya joto huingia pia vijidudu visivyotakiwa. Nao watawa wa abasia ya Sint-Sixtus, wanaopika bia ya Westvleteren nchini humo, huuza makreti yao kwa walioagiza mapema, hivyo anayefika getini bila oda harudi na kreti. Kabla ya kukiweka kiwanda kwenye ratiba, jueni kwanza desturi yake.

Kama rafiki yako bado analilia orodha yake, msimulie habari hii. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alianzisha kiwanda kidogo cha New Albion huko Sonoma, California, kwa vyombo alivyoviunga mwenyewe, vingine vikiwa vya kiwanda cha maziwa. Kilidumu miaka michache tu, kikafungwa mwaka 1982. Lakini miongoni mwa wageni waliofika kukitazama alikuwa Ken Grossman, kijana aliyekuwa akipika bia nyumbani, na mwaka 1980 alipika bia ya kwanza ya Sierra Nevada, ambayo leo ni miongoni mwa viwanda vikubwa vya aina hiyo nchini Marekani. Mtu aliyekitazama kiwanda kimoja kwa makini alipata humo kazi ya maisha yake yote.

Kuhusu barabara sina mengi. Pimeni safari kwa saa, si kwa kilomita, maana viwanda vidogo mara nyingi vimejificha nyuma ya barabara nyembamba. Kuleni kabla ya glasi ya kwanza. Malazi yawekeni karibu na kituo cha mwisho cha siku, na muwe mmekwisha kuyalipia ili asiwepo wa kusema saa nne usiku kwamba “tusogee kidogo tu”.

SWALI: Mimi ndiye nitakayeendesha. Je, nikionja kisha nikatema, kama wafanyavyo waonjaji wa mvinyo, kuna ubaya gani? Sipendi kukaa kama mlinzi wakati wenzangu wanafurahia.

JIBU: Nakuelewa, na swali lako ni la haki. Hata hivyo bia haitemeki vizuri kama mvinyo. Uchungu wa hopsi, ambao ni nusu ya habari yake, hujitokeza zaidi wakati wa kumeza na baada yake, ndiyo maana waamuzi wa mashindano ya bia kwa kawaida humeza. Ukitema utaikosa nusu hiyo na bado kiasi kidogo kitakuwa kimeingia mwilini.

Iko njia iliyo bora zaidi. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, na kunusa hakuna kikomo cha sheria. Izungushe glasi ya mwenzako, ifunike kwa kiganja, kisha ifunue na uvute pumzi fupi fupi. Tafuna kimea. Na kama mmefika siku ya upishi, mwombe mwenyeji akupe kikombe cha maji ya kimea kabla hayajatiwa hamira: ni ya rangi ya asali, matamu kuliko unavyodhania, na hayana alkoholi hata tone, kwa kuwa kazi ya hamira ya kugeuza sukari kuwa alkoholi bado haijaanza. Wenzako wanaokunywa mara nyingi huyapita bila kuyagusa. Kisha wakununulie chupa mbili za kila kiwanda, zikungoje nyumbani.

SWALI: Mwaka jana nilirudi na chupa na makopo ishirini, nusu yakawa yameharibika na kopo moja likapasuka nyuma ya gari. Nilikosea wapi?

JIBU: Kwa jinsi ulivyoeleza, naona joto na jua. Bia nyingi za viwanda vidogo hazipashwi joto ili kuua vijidudu wala hazichujwi sana, hivyo bado zina uhai. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 45 ndani, na katika joto hilo harufu ya hopsi hufifia haraka sana. Kopo lililopasuka huenda lilikuwa la bia iliyotiwa matunda baada ya kuchacha: hamira iliyobaki ikipata sukari mpya na joto, huanza kazi upya, gesi hujaa na kopo hushindwa kuihimili. Bia za namna hiyo zisikae nje ya baridi hata siku moja.

Jua nalo lina kosa lake la pekee. Mwanga ukigusa bia yenye hopsi, dutu zinazoleta uchungu huvunjika na bia hunuka kama kicheche, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani na nyeupe hazizuii vya kutosha, na kopo huzuia wote.

Safari ijayo beba sanduku la barafu, na utakachonunua kitegemee umbali wa nyumbani. Bia zilizojaa hopsi na zile chupa kubwa zinazojazwa bombani nunua kituo cha mwisho tu, uzinywe ndani ya siku chache. Mwanzoni mwa safari nunua zile nzito na kali zilizochachushiwa ndani ya chupa, au gueuze ya Ubelgiji, yaani mchanganyiko wa lambic changa na za zamani, ambazo huvumilia na hata kupendeza zaidi zikikaa. Zisimamishe wima, usizilaze, ili mashapo ya hamira yatulie chini, na ukifika uzipumzishe siku mbili kabla ya kuzifungua.